Imeliwa Mgongoni

"Imeliwa mgongoni," Apolinaria alisema, akiigeuza impela ya pampu juani.

Ilikuwa ya tatu kuharibika mwaka huu. Mabawa yake ya chuma, yanayosukuma maji kutoka lambo la Kwihara hadi tangi la kijiji, yalijaa matundu kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi. Mzee Wilbroad, mwenyekiti wa kamati ya maji, hata hakuitazama.

"Mchanga huo, binti. Pampu inatafuna kokoto, kijiji kizima kinasikia. Na anayeichunga ni nani?"

Hapo ndipo palipouma. Miaka tisa alikuwa fundi wa pampu hii, na leo kamati imekuja kumwachisha kazi mbele za watu. Impela ya nne ndiyo ya mwisho. Ikilia kama zilizotangulia, anapisha.

Kokoto! Kweli, mlio ulikuwa wa kokoto, tena wa kuja na kuondoka: krr, kimya, krr. Ndiyo maana mzee mwenyewe aliamuru mdomo wa bomba la kunyonya ufungwe kitenge, kama watu wanavyochuja maji ya mtungi. Nani angembishia? Tangu enzi za mabibi maji huchujwa kwa kitambaa. Lakini Apolinaria alikumbuka masika: lambo likijaa, pampu hunyamaza. Kokoto gani hizo zinazoogopa mvua?

"Mchanga ungekwangua usoni, mzee. Bawa hili limeliwa nyuma. Maji yamenyimwa njia, yanavutwa kwa nguvu mpaka yanachemka yakiwa baridi. Viputo vikipasuka, kila kimoja kinadonoa chuma."

"Yachemke bila moto?" mmoja alipaza sauti. "Haya, tusongee ugali!"

Watu wakaangua kicheko. Kilimchoma. Alifunga impela mpya, akaingia lamboni na nguo zake hadi kiunoni, akakifungua kitenge cha mwenyekiti na kukitupa ukingoni, kizito kwa tope. Wazee waliguna. Consolatha, jirani yake, alijishika kichwa. Kisha Apolinaria akawasha injini.

Krr. Krr.

"Si nilisema!" Mzee Wilbroad alifoka.

Mlio ulikuwa hafifu kuliko jana, ila wao wangejuaje? Akashika koki ya bomba la kupandisha maji, akaibana robo mzunguko, pampu isivute maji kuliko lambo linavyoweza kutoa. Krr ikachelewa kurudi. Akabana tena, kidogo tu, kama anayekoleza chumvi. Kimya. Ikabaki injini peke yake, ikiunguruma kwa raha zake.

"Imenyamaza!" Consolatha alipiga kigelegele. "Jamani, imenyamaza!"

Mzee Wilbroad alichuchumaa, akatega sikio karibu na pampu. Alisubiri kokoto zirudi, hazikurudi. Aliponyanyuka, alivua kofia.

"Shikamoo, fundi."

Mzee wa miaka sabini! Watu walilipuka kwa vifijo. Apolinaria alisimama akichuruzika tope, furaha imemjaa, na ile marahaba iko kwenye ncha ya ulimi, asijue aitoe au aimeze. Nyuma yake maji yalikuwa yakipanda.