Gunia la Nyuso za Viatu

Tshiamala alilimwaga gunia lote kwenye sakafu ya kituo cha treni, akalikung'uta, akaingiza na mkono mpaka begani, lakini soli haikutoka hata moja. Zilitoka nyuso tupu: nyeupe za kanisani, nyekundu za sherehe, kahawia za kazini, nyeusi za matanga. Fundi mzima mwenye mvi alikuwa amekimbia na nyuso za viatu, akaacha viatu vyenyewe.

Usimcheke sana. Siku vijana walipoingia barabara yao kule Musonoi, mjini Kolwezi, na marungu na petroli, kila mtu alibeba alichokishika, na jirani yake mmoja alifika kituoni na mlango. Ila kuna jambo moja ambalo hata mimi simwachii. Majuma yote waliyokaa hapo wakingoja treni ya Kasai alililalia gunia hilo kama mto, akashukuru jinsi lilivyo laini, na hakujiuliza mpira umeanza lini kuwa laini.

Maana soli zake zilikuwa za mpira wa mikanda ya mgodini, ile mikanda mikuukuu inayotupwa ikishachoka kubeba mawe. Pembeni alipigilia ndoano ndogo za waya wa shaba, na juu ya ndoano mtu aliangika uso autakao. Jozi moja ya soli ilikwenda kazini Jumamosi, ikaenda misa Jumapili, ikaenda matanga siku yoyote, na kila mara ilikuwa kiatu kingine. Watu waliviita vinyonga. Nusu ya Musonoi walivivaa, wenyeji na watu wa Kasai sawasawa, kabla haijasemwa kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Tshiamala alizaliwa Musonoi. Huko kwao alikuwa hajawahi kufika.

Leo treni ilikuwa imefika, na leo alihitaji jozi moja tu ya soli.

Binti yake Darlène alikuwa ameposwa na Kalumba, kijana mwenyeji, mpole, mkaidi kama msumari uliopinda. Wajomba zake walimwambia amsahau huyo msichana. Yeye alifunga nguo zake katika shuka, akaja kukaa kituoni na waliofukuzwa. Lakini Mbelu, dada mkubwa wa Tshiamala, aliyemlea Darlène tangu mama yake alipofariki, aliweka sharti: kijana atapanda treni akiwa mume, la sivyo atabaki. Padri alikubali kuwafungisha ndoa palepale, kabla ya treni kuondoka. Kilichobaki ni Mbelu kumshika binti mkono na kumtoa, kama shangazi wa ukoo wao anavyotakiwa.

Mbelu alitazama miguu ya Darlène, iliyokuwa na kandambili zilizofungwa kamba, akakunja mikono.

"Mi sitoi mutoto miguu wazi kama mwizi," alisema. "Na sitamuvalisha bilato yenye ilifika ku makaburi."

Kwao ilikuwa hivyo: soli ya kiatu iliyokanyaga makaburini haimpeleki bibi-harusi kwa mumewe. Mbelu mwenyewe alikuwa ameolewa na viatu vya kuazima, bila kuuliza vilikotoka, na kabla ya mavuno alikuwa mjane. Tangu wakati huo hakuvaa uso mwingine ila mweusi. Tshiamala hakuwa na uhakika kama aliamini jambo hilo, lakini alimjua dada yake, na aliona alivyoogopa. Hakumbishia.

Akashika jozi moja ya nyuso nyeupe, akaanza kuzunguka. Kituo kizima kilimjua. Wanawake walivua vinyonga vyao kabla hajamaliza salamu, na kila mmoja alipoulizwa kama vilifika makaburini, alivivaa tena polepole. Surua ilikuwa imepita kati ya watoto wa kituoni. Nani hakuwa amesindikiza mtoto wa mwenzake? Alifika mwisho wa jukwaa na nyuso zake nyeupe mkononi, na nyuma yake mafundi wa reli walikuwa wakiunganisha mabehewa. Kalumba alisimama kando ya mzigo wake. Tshiamala alijiona mjinga wa kutosha kwa maisha mawili.

Aliyemwita alikuwa Abigaëlle, mke wa karani kutoka mtaa wa Kapata, aliyekuwa ameketi nyuma ya pazia la kitenge akimnyonyesha mtoto ambaye kitovu chake kilikuwa hakijadondoka. Chini ya mzigo alichomoa vinyonga vyake, safi, ndoano bado zinang'aa.

"Hii haiyafika kule, tata."

Mbelu alikuja mwenyewe kusikia. Aliuliza kama Abigaëlle hakwenda hata siku ya kumzika baba mkwe wake, maana mazishi yale yalikuwa makubwa.

"Nilikuwa na mimba," alisema Abigaëlle. "Wee mwenyewe, mama Mbelu, njo ulinirudisha ku njia. Ulisema mwenye mimba haendake ku makaburi."

Mbelu alivigeuza vile viatu, akatazama soli. Kisha akacheka, kicheko ambacho Tshiamala hakuwa amekisikia miaka mingi, akakaa chini akaendelea kucheka mpaka mtoto akaacha kunyonya ili amtazame.

Soli zilimzidi Darlène kidogo. Tshiamala alijaza kitambaa kisiginoni, akaangika nyuso nyeupe ndoano moja baada ya nyingine, na mikono yake, ambayo ilikuwa imekaa bure tangu Musonoi, haikukosea hata moja. Alikuwa na furaha, furaha kamili, na hakuona haya kuwa nayo mahali pale. Mbelu akamshika binti mkono, akamtoa mbele ya watu wote.

Vijana waliokuwa nje ya uzio wakiimba kwamba waende, waende, waliimba mpaka vigelegele vikawafunika. Padri alilazimika kurudia maneno ili Kalumba ayasikie, na Kalumba aliyajibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shimo la mgodi.

Baada ya hapo gunia halikuwa na amani. Bibi mmoja aliomba uso mwekundu, mwingine bluu, wanaume wakaanza kusukumana. Tshiamala aligawa zote. Watu waliofukuzwa Kolwezi walipanda mabehewa ya mizigo wamevaa viatu vya sherehe, na walipoketi milangoni miguu ikining'inia, treni nzima ilionekana inakwenda harusini. Darlène alirudisha soli. Abigaëlle alizivaa na nyuso zilezile nyeupe, akasema mtoto wake naye ana sherehe.

Firimbi ya kwanza ilipolia, Mbelu alikuwa amekaa mlangoni kando ya kaka yake.

"Nyekundu ilibakia?" aliuliza, akiangalia reli.

Ilibaki jozi moja. Tshiamala alikuwa ameificha mfukoni. Alipiga magoti, akautwaa mguu wa dada yake mapajani, akaanza kufungua ndoano ambazo hazijaguswa tangu mazishi ya mumewe. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, ikagoma, ikaachia. Alikuwa amemaliza mguu mmoja tu treni ilipojivuta. Mbelu alishika uso mweusi mkononi, akaushikilia, na juu ya mawe ya reli miguu yake ikaanza kusogea, mmoja mwekundu, mmoja mweusi, na kaka yake akaushika mguu wa pili.