Maana ya Kwanza

Mama yangu alikuwa msimamizi wa zahanati tangu mimi sijaota meno, na kilichomng'oa si wizi wala ulevi. Ni neno moja la Kiingereza. Nikilisikia damu inanichemka, na bahati mbaya Kiingereza ndicho ninachofundisha.

Umeme ulikatika, jokofu la chanjo likazima, chanjo zote zikaharibika. Jokofu lenyewe lilikuwa jipya, la wafadhili, na lilikuja na betri ya akiba ili umeme ukikatika lisitikisike. Wafadhili wakamtuma fundi wao, mgeni mrefu mwenye haya. Alifungua bamba la nyuma, lile lenye onyo kwamba lisiguswe na mtu mwingine, akakuta waya wa betri unaning'inia. Waliolifunga hawakuwahi kuuchomeka. Mama alikuwa kando yake, akauona. Fundi akaurudisha ulivyokuwa, akamwashiria Mama kwamba timu yao itakuja kuushughulikia, kisha akaenda ukumbini walikokuwa wanakamati wa zahanati, akaweka mkono kifuani, akasema maneno machache ya Kiingereza.

Mkalimani alikuwa Profesa. Uprofesa wake ni wa kupachikwa mtaani, alikuwa karani wa posta, na ni shemeji yake mwenyekiti wa kamati. Akawatafsiria: "Anatupa pole. Anasema tatizo ni usimamizi."

Watu wote wakamgeukia Mama.

Nilipotoka darasani na kufika pale, mgeni alishaondoka na kamati ilishamsimamisha Mama kazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa na sare yake, mikono mapajani. Nikamwendea Profesa.

"Profesa, alisema neno gani hasa?"

"Oversight," akajibu kwa madaha. "Nimelisikia kwa masikio yangu mawili."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Neno hilo lina sura mbili kama mke mwenza mbele ya mume. Siku nyingine maana yake ni usimamizi, jicho la mkubwa juu ya kazi. Siku nyingine ni kinyume chake kabisa: jicho limepita, mtu kasahau, kapitiwa. Yule fundi alikuwa anaungama. Alisema samahani, wenzangu walipitiwa. Hata ile "pole", "sorry" ya Kiingereza, ilikuwa samahani.

Nikaomba kamati ikae tena. Ikakaa, kamusi ikaletwa na kuwekwa mezani. Mwenyekiti akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole.

"Naona maana ya kwanza, usimamizi. Ya pili, kosa la kutoangalia." Akanyanyua kichwa. "Sasa mwalimu, kati ya wa kwanza na wa pili, mkubwa nani?"

"Mzee, maana hazina ukubwa! Inategemea sentensi."

"Kila kitu kina mkubwa wake. Ndiyo maana kuna kamati."

Watu wakacheka. Mama akainuka, akaeleza habari ya waya, taratibu, kama anavyowaeleza wazazi dozi ya dawa. Mjumbe mmoja akamuuliza kama jokofu lilikuwa chini yake au halikuwa. Akasema lilikuwa chini yake. Mjumbe akaketi kana kwamba kesi imekwisha. Kisha, nisingeliona kwa macho nisingeamini, wakapiga kura kuhusu maana ya neno. Maana ya kwanza ikashinda. Mimi sikuruhusiwa kupiga, eti mtoto hamwamulii mama yake.

Profesa nilimvizia getini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu, huenda una haki," alisema, akitazama viatu vyake. "Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikisema leo nilikosea, nani ataniita tena? Na shemeji yangu nitamweka wapi?"

Nikawaandikia wafadhili mwenyewe kwa simu. Nikawaeleza waya, neno, na Mama. Nikawaomba wamuulize fundi wao alikusudia nini. Kwa siku kadhaa Mama alikuwa akisikia simu yangu ikilia anaacha anachofanya. Nyumba tunayoishi ni ya zahanati, iko nyuma ya chumba cha sindano, na nimezaliwa humo. Alianza kufunga vyombo kwenye magazeti bila kuambiwa na mtu.

Jibu likaja, tena limetumwa kwa kamati nzima. Halikutoka kwa fundi, ambaye tayari alikuwa likizo, bali kwa ofisi yao. Walishukuru kwa taarifa. Mambo ya watumishi, walisema, ni ya kamati. Na mwishoni wakaandika kwamba wana imani kamili na "oversight" yenu.

"Sikilizeni!" Profesa akasoma kwa sauti. "Wana imani na usimamizi wenu."

Safari hii alitafsiri sawasawa. Nilibaki nimesimama na kamusi mkononi, mwalimu mzima.

Mama akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi msimamizi mpya, binti wa mjumbe mmoja, mpole. Akampitisha kila chumba: hapa pamba, hapa kadi za wajawazito, kitanda hiki mguu wake mmoja umelegea. Kamati ikawafuata nyuma. Walipofika kwenye jokofu, likiwa limejazwa chanjo mpya, Mama akainama kuchungulia nyuma.

"Wale watu wa betri walikuja?" akauliza.

Bamba lilikuwa na skrubu zake zilezile na onyo lake lilelile.

"Basi waya bado unaning'inia. Umeme ukikatika leo tu—"

"Mama," mwenyekiti akamkatiza, kwa heshima zote, "hilo si lako tena."

Binti akanitazama mimi, kisha jokofu. Mama akajifuta vumbi magotini, akatoka nje kwenda kumalizia kufunga vyombo.