Nipeni Mji Wangu

Silali, nafumba macho tu. Ni saa nane mchana, nimekula vijiko vitatu vya ubwabwa na maumivu yamenikaba chini ya kifua, palepale pa siku zote, na kifuani nimelaza fomu ya ridhaa ambayo Daktari Kileo anaitaka kesho, iwe na saini yangu au isiwe nayo. Miaka sita, jamani! Miaka sita naambiwa sina kitu, leo napigwa picha moja ya mishipa, naambiwa kuna kano limeukalia mshipa wa damu uendao tumboni, nikila damu haipiti, tumbo linalia. Likikatwa, mshipa unaachiwa. Nitapona? Hajui. Dada yangu Saumu yuko jikoni anagongagonga sufuria kwa hasira, maana yeye hataki nipasuliwe. Nasikia sufuria, nasikia sufuria, kisha sufuria inakuwa kengele, na mguu wangu umeshavuka kizingiti cha mlango ambao nyumbani kwetu haupo.

Ng'ambo ni barabara. Naifuata, inanirudisha, naifuata tena. Kandoni miji imejipanga, na kila mji una mwenzake kwenye lami iliyolowa, juu Pangani na chini Pangani, na kule chini namwona mwanamke mnene, kanga kaifunga kifuani, anapakua pilau la harusi na kujilambia mwiko. Ni mimi huyo, Mwanakombo mpishi wa shughuli, ambaye watu hawakupanga tarehe ya harusi kabla ya kuniuliza. Sasa nina kilo thelathini na nane, na chumvi naonjewa na wengine. Mpishi gani huyo? Anakuja mtu wa koti jeupe, usoni hana macho, hana pua, hana mdomo, laini kama yai lililomenywa. Kitendawili, anasema, sauti sijui inatokea wapi. Tega, namjibu, maana nimelelewa. Anakula kidogo, analia sana. Kha, hicho nacho ni kigumu? Ni mimi, nasema, mshipa wangu umebanwa. Siyo, anasema, ni vidonda vya tumbo, umeshindwa, nipe mji. Na desturi ni desturi, aliyeshindwa hutoa mji, ndivyo tulivyocheza utotoni barazani kwa bibi, basi nampa Muheza kabla sijafikiri. Muheza inazimika, juu na chini, na harusi zake zote. Barabara inapinda, inanileta kwa mwingine, huyu kajitanda kanga, hana uso lakini marashi yake nayajua, ni ya mashangazi wote duniani. Kitendawili. Tega. Anakonda na hajafunga. Ni mshipa, nasema. Siyo, mwanangu, ni hasidi, na kama si hasidi basi unao ule ugonjwa na unatuficha, nipe mji. Natoa Korogwe. Wa tatu ni koti jeupe tena, au ni yuleyule. Anaumwa, na vipimo vinakataa. Ni mshipa! Siyo, mama, ni mawazo, punguza mawazo, nipe mji. Natoa Pangani. Pangani, jamani! Na yule mnene wa chini ya lami ananitazama, mwiko mkononi, kisha hayupo.

Nimebaki na mji mmoja, Tanga, mtaa wetu, ambako mwanangu Nasra anaolewa mfungo saba, mwezi baada ya Maulidi, na nimeapa siku hiyo nitapika mwenyewe, nitakula sahani nzima mbele za watu, na sitajikunja. Wanakuja wote pamoja sasa, viganja mbele. Hapo hasira inanipanda mpaka utosini. Ngojeni! Hivi nani aliyetega? Miaka sita mimi ndiye ninayewaletea tumbo langu nikisema kitendawili, nyinyi mnajibu ovyo, mnashindwa, halafu mji natoa mimi? Mchezo huo mmeuona wapi? Hata watoto wangepigana! Mwili wangu, kitendawili changu, walioshindwa nyinyi, nipeni miji yangu! Nyumbani sijawahi kuwapigia kelele namna hii, nyumbani nilisema asante daktari, asante shangazi, nikaenda kujikunja chumbani. Makoti yanarudi nyuma, kanga zinarudi nyuma. Mmoja tu anabaki, kashika kisu kidogo kama cha kumenyea vitunguu, naye hana uso. Na wewe sema basi, ni nini? Anakishusha kisu. Nadhani ni mshipa, anasema, ila kama kuufungua kutayaondoa maumivu yote, sijui. Nimeshindwa. Nakupa mji. Mji gani? namuuliza. Jina lake sijui, anasema, wanaotoka huko hawasimulii yaleyale, kuna waliokuta sinia limeandaliwa, kuna waliokuta mlango mwingine. Naogopa, sifichi. Naogopa kisu, naogopa kutoamka, naogopa kuamka vilevile. Lakini kati ya wote walionijia, huyu ndiye wa kwanza kusema hajui. Leta, namwambia, na navuka kizingiti.

Sufuria inalia. Saumu amesimama kando ya kitanda, mwiko mkononi. Umesaini! anasema. Nimekwambia usubiri, umesaini saa ngapi, na kalamu iko sebuleni? Natazama fomu. Jina langu lipo, wino haujakauka, na mdomoni nina ladha ya bizari nyembamba, wakati ubwabwa wa leo hauna kiungo hata kimoja. Huyo daktari kakuahidi nini? anauliza. Hajaniahidi kitu. Loh! Hajakuahidi kitu, na ndiye unayempa tumbo? Kitendawili, dada, namwambia. Usinitanie, Mwanakombo. Kitendawili! Anashusha pumzi. Haya, tega. Anashibisha mji mzima, mwenyewe analala njaa, na kila anayemtazama ana jibu. Saumu anafungua mdomo, na ninayajua yanayokuja, hasidi, mawazo, mwarobaini, subiri kidogo. Anaufunga. Nauchunguza uso wake kama upo. Macho yapo mawili, yamejaa machozi, ila hata kule barabarani ningeweza kuona machozi, sina hakika kama nimeamka. Anakaa kitandani, mwiko mapajani. Sijui, mdogo wangu, anasema. Miaka yote hii nimejifanya najua. Nimeshindwa, chukua mji.

Nipe Pangani, namwambia.