Msiba wa Mjusi wa Tendaguru

Natangaza kwa masikitiko kifo cha mjusi mkubwa wa Tendaguru, kilichotokea Jumamosi jioni katika bwalo la shule yetu ya bweni hapa Nachingwea. Marehemu alikuwa na shingo ndefu kuliko mlingoti wa bendera. Hakuuawa kwa pembe wala kwa meno. Aliuawa kwa maneno.

Muuaji ni Dastani, Mmakua wa Nambambo, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu. Mada ya mdahalo ilikuwa hii: mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbuliwa huku kwetu Lindi, na tembo wa manyoya wa zama za barafu wangekutana kwenye uwanja wetu wa mpira, nani angetoka mzima? Mtu mmoja alikumbusha kwamba mjusi alishakufa mamilioni ya miaka kabla tembo huyo hajazaliwa. Mwalimu Beatrisi wa Baiolojia akamwambia akae chini.

Mimi Hemedy, Mmwera wa Mbekenyera kule Ruangwa, nilimtetea mjusi. Atakayeshindwa angesugua masufuria ya jikoni Jumapili mchana. Na Jumapili hiyo ilikuwa siku ya wageni. Bibi yangu alikuwa anakuja, na wageni hutolewa saa kumi.

"Mjusi akikanyaga mara moja tu," nilisema, "tembo anakuwa mkeka."

Nikapigiwa makofi. Dastani akasimama, akafunga kifungo cha shingoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mjusi huyo mwili mlima, kichwa papai. Ukimchoma mguuni leo, habari inafika kichwani keshokutwa. Na sasa hivi yuko wapi? Ujerumani! Walimfunga kwenye masanduku wakaondoka naye, hata teke hakurusha!"

Bwalo lililipuka. Kura zikapigwa, mjusi akafa.

Basi Jumapili nilikuwa ndani ya sufuria la ugali mpaka kiunoni, na majivu na gunzi mkononi. Dastani alikaa juu ya ndoo akila bibo la mkorosho, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Hapo chini bado, kijana," alisema.

Bibi Moza akatokea na kikapu chake. "Mume wangu! Kumbe nimeolewa na mpishi?"

Nilitoka nikiwa nimevaa uso wa huzuni. "Bibi, nimefiwa."

Kikapu nusura kimponyoke. "Na nani?"

"Mjusi."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kucheka, kisha akamgeukia Dastani.

"Wewe kijana, kabila gani?"

"Mmakua, bibi."

"Ahaa, mtani! Umeua mjusi wa Wamwera, halafu mfiwa anasugua masufuria na mtani amekaa anakula mabibo? Kwenu msiba unaendeshwa hivyo?"

Dastani aliacha kutafuna. Kwetu mfiwa hukaa mkekani. Mtani ndiye anayeteka maji, anayepika, anayeosha vyombo, na kumsema marehemu vibaya atakavyo. Alilijua hilo vizuri kama mimi. Alimtazama Mwalimu Beatrisi, aliyekuwa anapita na wageni wake.

"Mimi nafundisha Baiolojia," Mwalimu alisema. "Misiba siingilii."

Dastani akachukua gunzi, akazama ndani ya sufuria, na kilio kikaanza kutoka humo: "Uuuwi, mjusi! Shingo ndefu, akili fupi! Ulikula mti mzima ukaulizia mboga!"

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na msiba wangu ukapata heshima yake. Dastani alipotoka, mweusi kama chungu, alikwenda moja kwa moja kukikumbatia kikapu. Hatakiachia, alisema, mpaka mtani alipwe. Nikampa paja la kuku. Mtani hakasirikiwi.

Tulikula mkekani watu watatu, kuku na korosho za Bibi, na sikumbuki kuwa na msiba mzuri kama ule. Kisha Bibi akauliza, "Huyo tembo, mmesema ana manyoya?"

"Mengi, bibi," Dastani alisema kwa fahari. "Kama amejifunika blanketi tatu."

"Na walipigana wapi?"

"Pale uwanjani."

Bibi aliutazama uwanja. Jua la Oktoba lilikuwa linawaka, na magoli yalionekana kama yanatetemeka. Hata mbuzi wa mlinzi walikuwa wameukimbia.

"Na blanketi zake tatu?" alisema. "Huyo mbona amekufa kwa joto kabla ya filimbi."

Nilianza kushangilia, halafu nikaona uso wa Dastani unavyobadilika, nikaelewa, lakini nilikuwa nimechelewa. Aliweka mfupa chini taratibu. Akasogea karibu na Bibi yangu, akavuta upindo wa kanga yake, akajifunika kichwa.

"Nimefiwa," alisema.

Bibi akampapasa mgongoni. "Pole, mwanangu."

Sufuria la maharage lilikuwa bado, na lilikuwa limeungua. Nilimtazama Bibi. Bibi alinitazama.

"Mume wangu," alisema, "mtani wako ana msiba."

Nilichukua gunzi, nikaingia, nikaanza kumlilia tembo kwa sauti kubwa, nikianzia kwenye manyoya.