Mkono wa Mama Kidoti

Kila jioni kabla ya kufunga, Mama Rangi aliosha brashi kwenye ndoo, akaokota vipande vya penseli vilivyosagika mpaka havishikiki, kisha akafungua mlango wote mkubwa wa gereji ili picha zipate nafasi ya kutoka. Akifungua nusu, picha pana zilijikwaruza mabega na kuacha rangi kwenye fremu, na aliyesugua fremu kesho yake alikuwa yeye mwenyewe.

Gereji iliachwa na marehemu mumewe, fundi magari. Sakafuni lilibaki doa kubwa la oili ambalo watoto waliliita ziwa na kulivuka kwa kuruka. Mama Rangi alikuwa mchora mabango: vinyozi, maduka ya dawa, mashine za kusaga. Magoti yalipokataa ngazi, akawafungulia watoto wa mtaa waje kuchora baada ya shule. Hakukuwa na ada wala kujiandikisha. Sharti lilikuwa kunawa mikono tu, na hilo nalo lilikuwa vita.

Picha ikishakauka, wakati wa kufunga ilishuka kwenye karatasi na kumfuata nyumbani mtoto aliyeichora. Haikuwa habari ya kusimuliana. Paka wa miguu mitano aliyechorwa na mtoto wa kinyozi alipanda ngazi za jirani akaacha nyayo za bluu, na jirani akaja kulalamikia nyayo. Mguu wa tano hakuutaja. Picha zilikaa majumbani kama wiki hivi, mpaka rangi ya maji ikapauka, halafu zikaisha taratibu, na mtoto akarudi kuchora nyingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye gereji hiyo vibaya vilijitembeza kweli, na njia ya nyumbani vilikuwa vikiijua.

Kidoti, binti wa fundi saa, aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Alichora kitu kimoja tu, mama yake, ambaye alikuwa amefariki baada ya kuugua sana. Alimchora bila shingo, jicho moja kwenye paji na jingine karibu na shavu, miguu myembamba kama ya kuku, na mkono wa kulia mrefu kupita kiasi, uliofika kwenye kisigino na bado ukawa na baki. Mama Kidoti alishuka, akakung'uta gauni, akamshika mwanawe mkono bila kuinama, wakaondoka.

Nyumbani alikoroga chungu akiwa amekaa mbali na moshi. Bombani watu walimpisha, kwa sababu hata akiwa mwisho wa foleni aliweza kuufikia mfereji, na kubishana naye kulikuwa kujichosha. Fundi saa alimtandikia gazeti kwenye kiti ili asichafue mto.

"Shingo hana," aliwaambia waliouliza, "lakini ugomvi wake wote kaja nao."

Maneno hayo aliyasema kwa furaha, na kila aliyemsikia aliona hivyo.

Ikatokea bibi mmoja wa ofisi inayosaidia vituo vya watoto akapata habari za gereji. Akatuma salamu kwamba angekuja na wageni wake kuangalia kazi za watoto, na wakipendezwa wangeleta meza, karatasi na madirisha ya vioo. Mama Rangi hakulala vizuri kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuangalia bango lake. Watu huangalia bango ili wajue pa kunyolea.

Akawaomba watoto waziache picha zao kwa usiku mmoja. Akazibana ukutani kwa pini kila pembe, maana picha iliyobanwa pembe zote haishuki. Kidoti alishika ukingo wa karatasi yake, hakutaka kuachia.

"Na mimi nani atanikuna mgongo leo?"

"Utajikuna mwenyewe, mwanangu. Kesho unamchukua."

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka, akaachia.

Watoto walipoondoka, Mama Rangi alikaa kwenye benchi akazitazama picha kwa macho ya wageni. Aliona paka wa miguu mitano, basi lenye magurudumu upande mmoja, bibi mwenye meno mpaka masikioni. Aliona wageni wakitazamana. Akawaza watakavyoulizana huyu mama anawafundisha nini watoto hawa. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kwa mistari iliyonyooka, na sasa ukuta wake mzima ulikuwa umepinda. Alizionea aibu picha za watoto. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ndogo.

Akateremsha kopo la rangi ya mafuta, ile ya mabango, isiyojua jua wala mvua.

"Nanyoosha kidogo tu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Paka akapunguziwa mguu. Basi likaongezewa magurudumu. Alipofika kwa Mama Kidoti alimpa shingo, akayapanga macho yake, akamwekea tabasamu lile aliloliweka kwenye mabango yote ya saluni, ambalo wateja walilipenda. Mkono mrefu aliufunika kwa rangi nyeupe, akachora mwingine unaoishia kwenye nyonga, wenye vidole vilivyotulia. "Samaki mkunje angali mbichi," akajiambia.  Mama Kidoti alipepesa macho, kama mtu aliyeingiwa na rangi, basi.

Wageni walikuja wamevaa vizuri, wakavuka doa la oili kwa uangalifu. Walisimama mbele ya Mama Kidoti muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Bibi wa ofisi akauliza aliyechora ni nani, na watoto wakamsukuma Kidoti mbele. Wageni wakapiga makofi. Wakampiga picha akiwa kando ya mama yake, wakamwambia ana kipaji, ana mkono wa mtu mzima.

Kidoti aliangalia ukutani, mkono ulipoishia.

"Hii si yangu," akasema.

Bibi wa ofisi akamgeukia Mama Rangi. Meza, karatasi na vioo vilikuwa katika macho hayo, na lilikuwemo pia jina la mwalimu mzuri, ambalo Mama Rangi alilitaka kuliko vioo.

"Ana haya huyu," Mama Rangi akasema, akacheka. "Ni yako, mwanangu. Umesahau tu ulivyomchora."

Wageni nao wakacheka, kwa upole. Kidoti hakubisha. Ni mtoto aliyelelewa kutombishia mkubwa mbele ya wageni. Uso wa Mama Rangi uliwaka moto, na akasema ni joto la mabati.

Magari yao yalipoondoka, Mama Rangi akang'oa pini. Paka wa miguu minne alishuka, akaenda kulala chini ya benchi. Basi lilizunguka doa la oili, likaegesha. Mama Kidoti alishuka kwa madaha, akasalimia watu wote waliokuwepo, mmoja mmoja. Kidoti akamnyooshea mkono. Mama Kidoti akaupokea, akautikisa vizuri kama mtu anavyosalimia mtoto wa wenyeji, akauachia. Akatembea mpaka mlangoni. Akatazama barabara upande huu na upande ule, akarudi kukaa kwenye benchi, mikono mapajani.

Kidoti alimsubiri mpaka giza likakaribia, kisha akaenda nyumbani peke yake.

Rangi ya mafuta haipauki. Wiki iliisha, na nyingine, Mama Kidoti yuko palepale, hana kero, akifagia asubuhi na kumwitikia kila apitaye. Mama Rangi akampa Kidoti karatasi kubwa na rangi ya maji, akamwambia, "Chora kama zamani. Pinda utakavyo." Kidoti akainama, akachora huku ametoa ulimi nje. Shingo ikatokea. Macho yakakaa sawasawa. Akafuta, akaanza tena, na mkono wa kulia ukashuka taratibu mpaka kwenye nyonga, ukasimama hapo. Mkono wa Kidoti ulikuwa umejifunza picha iliyopigiwa makofi, na haukuijua nyingine. Mama wa pili aliposhuka alikaa karibu na wa kwanza, wakasogezeana nafasi. Baada ya huyo Kidoti hakuchora tena. Alikuja tu, akawa anachonga penseli za wenzake.

Mama Rangi akajaribu mwenyewe, mlango umefungwa. Alitumia mkono wa kushoto, kisha akafumba macho. Kila alichochora kilinyooka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akaenda kwa fundi saa kuomba radhi. Alipofika dirishani pake maneno yakamkimbia, akavua saa yake ya mkononi akampa. Fundi akaifungua, akaitazama kwa kioo chake cha jichoni, akaifunga.

"Haina ugonjwa, Mama Rangi."

"Najua."

Fundi akaipangusa kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Nyuma yake kilionekana kiti chenye gazeti, na gazeti halikuwa na doa.

"Ulimnyoosha," akasema.

"Nilimnyoosha."

"Alipokuwa anaumwa, mtoto alikuwa analala chini, pembeni ya kitanda. Mama mtu hakuweza tena kugeuka. Basi alikuwa anaushusha mkono tu, gizani, mpaka amfikie. Mtoto hakuuona mwisho wake. Alikuwa anausikia unakuja."

Mama Rangi alitazama chini. Alitamani fundi agombe, amtukane, awaite majirani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi na hakuwa amejiandaa kwa kingine chochote.

"Wageni walifurahi?" fundi akauliza, na ilionekana anataka kujua.

"Walifurahi."

"Basi angalau hilo."

"Utamzuia asije kwangu?"

"Nimzuie aende wapi? Nyumbani hakuna mtu."

Akamrudishia saa yake. Mama Rangi akarudi kwa njia ya nyuma, ili asikutane na mtu, na alikutana na watu wote, na wote walimsalimia kwa heshima na kumpongeza kwa wageni.

Meza zililetwa, vioo vikawekwa. Watoto waliongezeka, wengine wakatoka mitaa ya mbali, na wazazi wao walitaka wafundishwe kuchora kama yule binti wa kwenye picha ya wageni. Bibi wa ofisi akatuma salamu kwamba wageni wengine, wakubwa kuliko wale, wangefika kesho.

Alasiri hiyo Mama Rangi alikaa kwenye meza mpya, mgongo kwa watoto. Mbele yake ilikuwepo picha ya kuku iliyochorwa kwa penseli, kazi ya mtoto mgeni. Kuku alikuwa na miguu mitatu na bawa lililotokea kichwani. Mama Rangi alikuwa ameshika kifutio. Hakuwa ameamua kitu bado, alikishika tu.

Nyuma yake, kwenye benchi, Kidoti alikuwa ameketi karibu na yule mama wa kwanza.

"Shikamoo," Kidoti akasema.

"Marahaba, binti. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa fundi saa."

"Una adabu," Mama Kidoti akasema, kwa sauti tamu, na tabasamu lake likakaa mahali pake. "Mama yako kakulea vizuri."

"Asante," Kidoti akasema. "Nitamwambia."

Mama Rangi aliona aibu mpaka masikio yakauma. Aliona aibu ya mikono yake, ya meza, ya vioo vilivyokuwa vikiingiza mwanga mzuri namna ile. Angeweza kugeuka, na hakugeuka. Akainama, akafuta mguu wa tatu wa kuku polepole ili karatasi isichanike, akapuliza vumbi la kifutio, akasogea kwenye bawa.