Na Aliyekulea

Kiingereza kilikuwa kikifika pale kwenye kiwanda cha kufua kila Jumatatu, pamoja na mashuka machafu ya hospitali, na Kamusi hakuweza kusema kipi kati ya hivyo viwili kilimchosha zaidi. Mashuka angalau yalikuwa na mashine. Kiingereza kilikuwa na yeye.

Hakuzaliwa Kamusi, bila shaka, lakini waliompa jina lile la kwanza walikwishatangulia, na waliobaki walimzoea kwa hili. Alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, mwenye magoti yaliyojua habari za mvua kuliko redio. Kazi yake ya mkataba ilikuwa kusimama mbele ya rola kubwa ya moto, yeye upande huu na mwenzake upande ule, wakiilisha mashuka mabichi na kuyapokea yamekauka na kunyooka. Kufasiri hakukuwamo mkatabani. Kulimwangukia miaka kumi na tisa nyuma, meneja wa wakati ule alipouliza nani amefika kidato cha nne, naye, kwa kimbelembele tu, akanyoosha mkono. Mkono ule haukushuka tena.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Barua inatoka makao makuu kwa Kiingereza. Kamusi anaigeuza kwa penseli wakati wa chai. Karani anaichapa, meneja anagonga mhuri, tangazo linabandikwa ubaoni karibu na saa ya kuingilia kazini. Mameneja walikuja na kuondoka, wanene kwa wembamba, na hakuna hata mmoja aliyesoma alichokigongea. Mmoja aliwahi kugonga mhuri juu chini, ukakaa hivyo miezi saba.

Mwaka wa kwanza Kamusi alikuwa akiuliza. Lilikuja neno "biweekly": kila mtu wa rola apewe siku ya mapumziko "biweekly". Akafungua kamusi ya kweli, ile ya karatasi. Ikamwambia ni mara mbili kwa wiki. Halafu, bila haya wala kupepesa macho, ikamwambia ni mara moja kila wiki mbili. Alidhani amechoka. Akanawa uso, akasoma tena. Neno likabaki na nyuso zake mbili kama shahidi wa kununuliwa. Basi akaenda kwa meneja kuuliza.

Meneja akakuna kidevu, akapiga simu makao makuu. Kule nako wakakuna videvu. Ilionekana wazi kuwa aliyeandika hakuwahi kulifikiria. Ila sasa wameulizwa, wakalifikiria, na mtu anayelipwa kuifikiria kampuni hakufikirii wewe. Jibu likarudi: mara moja kila wiki mbili.

Wanawake wa rola walimnunia mwezi mzima. "Si ungeandika tu?" walimwambia. "Nani alikutuma ukawaamshe waliolala?"

Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwahi kumuuliza mwajiri. Tangu siku ile Kamusi hakuuliza tena. Alichagua.

Ikaja barua kwamba fomu za kubadilishana zamu zitapokelewa "until Friday". Je, Ijumaa yenyewe imo au imeachwa nje mlangoni? Hata wenye lugha yao hugombana. Kamusi akaandika "hadi Ijumaa jioni". Ikaja nyingine kwamba kutakuwa na mapumziko "reasonable". Ya kiasi, yaani; kiasi cha nani, haikusema. Akaandika "dakika ishirini", kwa sababu ndizo zilizomtosha yeye kufika chooni, kurudi, na kukaa kidogo. Ikaja kwamba wajawazito wapewe kazi "light". Alisimama na neno lile siku mbili. Meneja anayeketi angeweza kuona kusukuma toroli tupu ni kazi nyepesi. Akaandika "kazi ya kukaa", na karani akaleta benchi kutoka stoo.

"Siku watakapokushika," mumewe alimwambia nyumbani, yule dereva mstaafu aliyepitisha siku zake akifungua redio za watu na kushindwa kuzifunga, "usinitaje. Mimi Kiingereza changu ni 'stop' na 'reverse' tu, na vyote viwili vina maana moja moja."

"Ndiyo maana ulistaafu salama," Kamusi akamjibu, akinyanyua miguu juu ya kigoda.

Lililomshika lilikuwa ni "immediate family".

Barua ilisema mfanyakazi aliyefiwa na mtu wa "immediate family" apewe siku nne. Kamusi ya karatasi ikasema "immediate" ni papo hapo. Familia ya papo hapo! Kama sabuni ya unga, unaongeza maji tu. Akaona upuuzi huo hautamsaidia, akawageukia wenzake pale rolani, akauliza juu ya makelele ya mvuke: "Jamani, nani akifa hamtaomba ruhusa ya mtu, mtaondoka tu?"

"Mama," wakasema. "Baba." "Mtoto, Mungu apishe mbali." "Mume," akasema mmoja, na mwingine akadakia, "Inategemea mume," wakacheka hadi shuka likaenda upande.

"Aliyenilea," akasema Mama Pacha kutoka upande wa pili wa rola. Huyu ndiye mwenzake Kamusi wa miaka kumi na moja, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Mama yake mzazi alimwacha ananyonya, akalelewa na mama mdogo, na hakuwahi kuona sababu ya kuweka neno "mdogo" anapomwita.

Kamusi akaandika: mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, na aliyekulea. Mhuri ukagongwa. Miaka sita ikapita.

Kisha mama mdogo akafa. Mama Pacha akajaza fomu, akaiacha kwa karani, akaenda kuzika, akarudi siku ya tano na macho yamevimba. Langoni mlinzi akamwambia asiingie, amesimamishwa.

Siku hiyohiyo Kamusi aliitwa ofisini.

Afisa utumishi alikuwa na miezi minne pale na viatu ambavyo havijawahi kukutana na maji ya sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia Kamusi kiti, na Kamusi akakaa kwa shukrani ya kweli, maana hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa saa nne asubuhi.

"Mama, hebu tusome pamoja," Afisa akasema, akiweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. "Hii ya Kiingereza inaishia 'immediate family'. Hii yako inaendelea. 'Na aliyekulea.' Hilo limetoka wapi?"

"Limetoka kwenye penseli."

Afisa akacheka kidogo, halafu akajirudi. "Mama mdogo si 'immediate', mama."

"Nani kasema?"

Hapo Afisa akapekua daftari lake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amepiga simu. Mwanasheria wa makao makuu alisema hayumo. Mwanasheria wa pili, mzee zaidi, alisema anaweza kuwamo. Wa tatu aliuliza kama walikuwa wakiishi nyumba moja.

"Kumbe nanyi hamjui," Kamusi akasema.

"Tutajua tukishaandika." Akasogeza karatasi ya tatu. "Mimi sitaki makubwa. Hapa unasaini kwamba ulikosea kufasiri. Kosa la kibinadamu, hakuna atakayekugusa. Umebakiza miaka mingapi?"

"Miwili na miezi mitano."

"Unaona? Unamaliza salama."

"Na Mama Pacha?"

"Siku nne bila ruhusa. Zikizidi tatu, kazi imekwisha. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Na nikisema sikukosea?"

Afisa akashusha pumzi. "Basi watamleta mfasiri wa kiapo, apitie kila tangazo uliloandika. Yote, mama. Mimi nimeshayatazama machache." Hakumaliza, na ilikuwa adabu kutomaliza. "Niletee jibu baada ya chai."

Kamusi alirudi chini polepole, akishikilia reli ya ngazi. Pale benchini binti mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikuwa amekaa, anakunja foronya, miguu ameinyoosha, anaimba peke yake. Ubaoni karatasi zilikuwa zimepangana, mhuri chini ya kila moja, na Kamusi akazitazama kama mama anayehesabu watoto wake akijua mmoja ndiye aliyeiba lakini watachapwa wote. Akisaini, anaondoka mmoja. Asiposaini, yanaguswa yote: Ijumaa, dakika ishirini, benchi.

Mama Pacha alikuwa nje ya lango, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Wamekuambia nini?" akauliza.

Kamusi akamweleza yote, hakupunguza. Alikuwa amechoka kuchagua.

Mama Pacha akachora chini kwa kidole cha mguu. "Saini, dada. Watu thelathini na wawili wana zile dakika. Mimi nitapata kazi ya kufua majumbani."

"Na pacha?"

"Pacha watakula walichozoea, maneno ya mama yao."

Ulikuwa utani, lakini sauti ilikatika katikati, na wote wawili wakatazama barabara kana kwamba kuna kitu kinapita.

"Ile fomu uliijaza vipi?" Kamusi akauliza hatimaye.

"Kama ulivyoandika. Pale pa uhusiano nikaweka 'aliyenilea'. Karani akaipokea."

Kamusi akarudi ndani. Njiani alijaribu kuwa na hasira, ingemsaidia kupanda ngazi, lakini hata hasira huhitaji mtu aliyelala vizuri. Alichokuwa nacho ni uchovu tu, na aligundua kwamba uchovu ukifika mahali fulani hauna tena nguvu za kusema uongo. Uongo una matunzo mengi. Yeye alikuwa ametunza wake miaka kumi na minane.

"Nimekuja," akamwambia Afisa. "Hiyo siisaini. Nipe karatasi tupu."

Akaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa za kidato cha nne, akasoma kwa sauti alipomaliza: "Sikukosea. Neno lilikuwa na maana zaidi ya moja, nikachagua, na hapa niliongeza nikijua naongeza. Nilifanya hivyo kwenye matangazo mengine pia. Kampuni iligonga mhuri kwenye yote. Mwenzangu hakufuata penseli yangu, alifuata mhuri."

Afisa akachukua tangazo lile, akautazama mhuri kwa karibu, mviringo wake wa bluu, kama mtu anayemwona mkwe wake kwa mara ya kwanza mchana.

"Umejichongea, mama," akasema.

"Najua."

"Na umewachongea wenzako."

"Hilo ndilo linaloniuma. Lile la kwanza nimeshalizoea."

Makao makuu walichukua siku tisa. Mama Pacha alirudishwa, na barua ya onyo ambayo hakuna aliyeweza kusema inamwonya nini. Kamusi alivuliwa kazi ya kufasiri, kazi ambayo hakuwahi kupewa. Kisha matangazo yakaanza kushuka moja moja. Mfasiri wa kiapo alikuwa mtu wa bidii. Ijumaa jioni ikawa Alhamisi. Dakika ishirini zikawa kumi na mbili. "Kazi ya kukaa" ikawa "kazi nyepesi kadiri msimamizi atakavyoona", na "aliyekulea" akatolewa nje ya familia, kimyakimya.

Walikuwa wanasoma hilo la mwisho, kundi zima, wakati zamu inabadilishana, na Kamusi akapita akitumaini hawatamwona.

"Wewe!" akaita mwanamke wa mashine za kukamua, mwenye sauti ya kuvuka mvuke. "Simama hapo. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unatudanganya?"

Kamusi akasimama. "Nilikuwa nachagua."

"Kwa hiyo ile Ijumaa, niambie kweli, ilikuwa yetu au haikuwa yetu?"

"Haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya atakayewahi kuichukua."

"Na wewe ukaichukua."

"Nikaichukua."

Hakuna aliyecheka. Yule mama alimkazia macho muda mrefu, na Kamusi akaona usoni mwake mambo mawili yakigombana, asijue lipi litashinda. Kwa mara ya kwanza hakuwa na uwezo wa kumchagulia.

"Dakika nane," mama yule akasema mwishowe. "Umetupotezea dakika nane za kukaa, kwa ajili ya mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Ungetuuliza kwanza."

Hilo lilikuwa kweli, tena lilikuwa na maana moja tu. Kamusi akaitikia kwa kichwa. Kundi likatawanyika, wengine walimgusa bega wakipita, wengine hawakumgusa. Binti wa mimba alikuwa amekwisha kuinuliwa benchini, msimamizi ameona anaweza kusukuma foronya kwenye toroli dogo. Mama Pacha, bila kumwomba mtu ruhusa, alimnyang'anya toroli lile, akalisukuma yeye hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, kisha akashika nafasi yake rolani.

"Shuka," akasema.

Kamusi akashika pembe zake mbili, na wakaanza kuvuta.