Bamvua Tatu za Mguu wa Ussi

Biubwa alimzuia mumewe asirudi hospitali kwa mapenzi, wala si kwa ubishi.

Mume huyo, Ussi, mkwezi wa minazi kijijini Kanga, alianguka akavunjika muundi. Daktari alitoa kipande cha mfupa kilichooza, pengo akalijaza kitu cheupe chenye dawa, akaagiza arudi kila wiki asafishwe.

Wiki hiyohiyo Biubwa alikwenda mjini Kilindoni kununua bandeji dukani kwa Bi Nilofer. Bi Nilofer akampigia simu mwanawe Faizan, anayesomea mambo ya mifupa huko Dar es Salaam, akampa Biubwa aongee naye.

"Tunatengeneza vimirija vya kaboni, dada," Faizan alisema. "Vyembamba kuliko unywele, mara maelfu. Ukiviweka penye pengo, chembe za mfupa zinajishika humo, zinaota."

"Kama mbegu ya mwani kwenye kamba?"

Faizan akacheka. "Hivyo hivyo. Ila bado tuko kwa sungura. Binadamu bado."

Hilo la sungura alilisikia, likampita. Miaka kumi na miwili ya kulima mwani ilikwisha kumwonesha kile kitu cheupe kuwa kamba ya mwani ndani ya mguu wa mumewe. Na mwani ukishafungwa hauchezewi. Unauacha bamvua tatu, yale maji makubwa ya kila wiki mbili, ndipo unavuna.

"Wakikufungua watautibua mfupa unaoota, baba Sabra," alimwambia Ussi. "Tungoje bamvua tatu tu."

"Mguu wangu huu, au shamba lako?"

"Nyamaza, ulale."

"Basi ukivuna, unibakishie vidole."

Bamvua ya kwanza mguu ulikuwa wa moto. Biubwa akafurahi, akajua mfupa unafanya kazi. Ya pili ukaanza kunuka, akabadilisha bandeji bila kugusa ndani. Ya tatu Ussi alitetemeka kutwa, akamuuliza binti yake Sabra yeye ni mtoto wa nani. Haruni, mdogo wake Ussi, akamkimbiza hospitali.

Walikata juu ya goti.

Daktari alimwonesha Biubwa kile kitu cheupe katika kibakuli. Kilikuwa kitupu, laini kama siku kilipowekwa.

"Hiki kilikuwa cha kushika nafasi na kutoa dawa," alisema. "Hakioteshi kitu, mama. Nani alikwambia kinaotesha?"

Biubwa hakumtaja mtu.

Ussi alipozinduka, alilitazama shuka pale lilipolala bapa. "Wamenifanya nini hawa?"

Biubwa angeweza kuwaachia madaktari lawama. Nje Haruni alikuwa tayari anawalaumu, kwa sauti.

"Si wao," alisema. "Ni mimi. Kile hakikuwa cha kuotesha mfupa. Faizan aliniambia hicho chake bado si cha binadamu, nami nilimsikia."

Muuguzi akaja, akaondoka.

"Mgongo unaniuma," Ussi alisema. "Muite Haruni aje anigeuze."

"Mimi nipo. Nitakugeuza."

"Muite Haruni."

Biubwa akainuka, akaenda kumwita.